Kupiga na Kuimba Ukiwa na Mchecheto

Vidole vimekuwa baridi ilhali ukumbi una joto. Mate yamekauka, haja ndogo inakubana tena wakati umetoka chooni sasa hivi, na wimbo ulioupiga jana bila hata kuufikiria leo hukumbuki unaanzia wapi. Mshereheshaji amekwisha kulitaja jina la kikundi chenu. Kama umewahi kuwa katika hali hiyo, iwe ni nyuma ya pazia la ukumbi wa harusi, kwenye benchi la kwaya au pembeni mwa jukwaa la Ngome Kongwe, Zanzibar, wakati wa tamasha la Sauti za Busara, yanayofuata yanakuhusu. Sitakuahidi kuuondoa mchecheto. Wanamuziki wakubwa wamezeeka nao, na mtu anayepania kuuondoa kabisa hujiongezea mzigo wa pili: anaogopa, kisha anaogopa kwamba anaogopa. Kinachowezekana, na kinachofundishika, ni kupiga vizuri huku moyo ukienda mbio.

Ujue mwili wako unafanya nini

Ubongo ukihisi hatari hausubiri ushahidi. Sehemu ndogo iliyo ndani yake, amigdala, inapiga mbiu. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Na kufumba na kufumbua mwili mzima umejiandaa kupigana au kukimbia. Mwanasayansi Mmarekani Walter Cannon aliieleza kazi hii ya adrenalini kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1915. Chui si lazima awepo. Watu mia tatu waliokaa kimya wakikutazama, miongoni mwao shangazi zako na majirani, wanatosha.

Sasa ufuate mwili huo hadi kwenye chombo chako. Damu inapunguzwa kwenye ngozi na vidole ili misuli mikubwa ipate zaidi, ndiyo maana vidole vinapoa na kuwa vizito. Viganja vinatoka jasho, na mpiga udi anashtukia kile kijipande cha kupigia nyuzi kinamteleza kati ya kidole gumba na cha shahada, katikati ya taksim, wakati vyombo vingine vyote vimenyamaza na anasikika yeye peke yake. Adrenalini inaifanya misuli itetemeke kidogo. Mpiga besi huenda asijali, lakini mpiga fidla anayetaka kuvuta noti moja ndefu kwa sauti ya chini atauona uta wake ukirukaruka juu ya uzi. Mate yanapungua kwa kuwa mwili umeahirisha kazi ya kusaga chakula, na hapo wanaoteseka zaidi ni wapigaji wa nai, tarumbeta na saksafoni.

Mwimbaji anapigwa pande mbili. Pumzi inapanda kifuani na kuwa fupi, kwa hiyo anakata neno mahali pasipokatika. Misuli ya shingo nayo inakaza na kulivuta zoloto juu. Sauti inakuwa nyembamba, na noti ya juu aliyoifikia mazoezini kila siku inagoma. Waimbaji wengi hudhani sauti imeharibika, wakaanza kuisukuma kwa nguvu. Sauti haijaharibika. Imebanwa, na ukiisukuma inabanwa zaidi.

Madhara ambayo wanamuziki hawayatambui kwa urahisi ni ya mwendo. Moyo ukidunda haraka, mwendo sahihi wa wimbo unasikika kama unaburuta. Kiongozi wa bendi anahesabu moja, mbili, tatu, nne akiamini huo ndio mwendo wa mazoezini, kumbe ameuongeza. Ubeti wa kwanza unapita salama. Kisha zamu ya gita la solo inafika, kipande kile chenye noti zilizosongamana, na vidole vilivyopoa havikiwezi kwa kasi ile. Watu wataondoka wakisema mpiga solo kaharibu, na yeye mwenyewe ataamini hivyo, ingawa kosa lilifanyika kwenye kuhesabu. Kinga yake ni hii: kabla ya kuhesabu, pitisha kichwani mstari mgumu kuliko yote katika wimbo huo, si ule wa kwanza, kwa mwendo ambao ungeupiga ukiwa umetulia. Mwendo huo ndio uuhesabu. Ukiona bado una wasiwasi, pimeni mwendo kwa metronomu ya simu wakati wa mazoezi, mwandike namba yake kwenye karatasi ya nyimbo, na muisikilize tena mkiwa nyuma ya jukwaa.

Adrenalini hiyo hiyo inakuletea pia sukari kwenye damu, nguvu na wepesi wa kushtuka. Wengi hupiga jukwaani kwa moto ambao sebuleni hawajawahi kuuwasha. Na kwa kawaida mchecheto huwa mkali zaidi muda mfupi kabla ya kupanda na katika dakika za mwanzo, halafu unashuka wenyewe. Panga nyimbo zako kwa kulizingatia hilo: wa kwanza uwe ule unaoujua ndani nje, wenye mwanzo mwepesi na noti zisizopanda sana. Mtunzi wa kikundi anayeng'ang'ania kufungua kwa wimbo wake mpya na mgumu kuliko yote hawatendei haki wenzake.

Akili inapoanza kujitazama

Mwili peke yake hauharibu muziki. Unaweza kutetemeka na bado ukapiga vizuri. Mambo huharibika pale akili inapouacha muziki na kuanza kukutazama wewe.

Mpiga kinanda aliyefanya mazoezi ya kutosha ana mikono inayoijua kazi yake bila kuamrishwa. Mchecheto unamfanya aanze kuiamrisha: kidole hiki hapa, kile pale, sasa gusa. Ni sawa na kushuka ngazi huku ukifikiria kila unyayo utue wapi. Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Wakati huo huo akili inaleta habari nyingine: yule mzee wa safu ya mbele amekunja uso, noti iliyopita ilikuwa chini kidogo, mwalimu ameisikia. Nafasi ndogo uliyo nayo kichwani ya kushika mambo kwa wakati mmoja inajaa, na maneno ya ubeti wa tatu yanakosa pa kukaa.

Kuhusu yule mzee, kuna jambo linalofariji. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti ambamo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, vazi la kumtia mtu aibu kwa vijana wale, kisha akaingizwa katika chumba chenye wenzake. Wavaaji walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha. Waliokuwa wameitambua hasa walikuwa karibu robo tu. Watu hawatuangalii kwa ukali tunaoudhania. Noti uliyoikosa inakupigia kelele wewe. Ukumbini wengi walikuwa wakifuata maneno, wakimwangalia bibi harusi au wakitafuta kiti.

Usidhani pia kwamba hofu ni dalili ya uchanga. Pablo Casals, mpiga selo Mkatalunya aliyefariki mwaka 1973 akiwa na miaka 96, alikiri kwamba woga wa jukwaani haukumwacha maisha yake yote. Vladimir Horowitz, mmoja wa wapiga piano mashuhuri zaidi wa karne iliyopita, aliacha kupiga hadharani mwaka 1953 na hakurejea hadi 1965. Mwimbaji Barbra Streisand alisahau maneno mwaka 1967 mbele ya zaidi ya watu laki moja huko Central Park, New York, akakaa miaka mingi akiyakwepa matamasha makubwa. Ziara yake ya kurudi ilikuwa 1994. Hawa hawakukosa kipaji wala mazoezi.

Mazoezi ya jukwaa, si ya wimbo tu

Wengi wetu hufanya mazoezi ya wimbo na kamwe hatufanyi ya kutumbuiza. Tunapiga, tunakosea, tunasimama, tunarudia pale pale. Baada ya miezi miwili tumekuwa hodari wa kusimama na kurudia, jambo ambalo jukwaani halina nafasi. Ukibakiza wiki tatu, gawa mazoezi yako: sehemu moja ya kurekebisha, na nyingine ya kupiga kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, litokee litakalotokea. Ukikosea, endelea. Kuendelea baada ya kosa ni ufundi wenye mazoezi yake kama skeli zilivyo na yake.

Vaa nguo na viatu utakavyovaa siku yenyewe. Kanzu, koti la kwaya au gauni la kubana kiunoni hubadilisha pumzi na namna ya kukishika chombo, na hilo si la kuligundua mbele ya watu. Simama kama utasimama. Shika kipaza sauti chenyewe. Kama hakipo, shika chupa ya maji. Tafuta wasikilizaji na uwaongeze kidogo kidogo: mdogo wako, kisha wazazi, kisha majirani wawili watatu, kisha kwaya nzima siku ya mazoezi. Asiyekuwa na watu aweke simu mbele yake na kujirekodi mara moja tu, bila ruhusa ya kurudia. Taa nyekundu ya kurekodi inatosha kuuamsha mchecheto kidogo, na huo ndio unaoutaka.

Njia nyingine ni kuyapandisha mapigo ya moyo kwa makusudi. Kama afya yako inaruhusu, panda na kushuka ngazi mbiombio au ruka kamba dakika moja, kisha uingie moja kwa moja kwenye wimbo ukiwa unahema. Utajifunza kuitafuta pumzi huku unaimba, na siku moyo utakapodunda kwa hofu hautakuwa mgeni kwako.

Kumbukumbu nayo inahitaji kujengwa upya. Anayekariri kwa kurudia tu anakuwa na wimbo ambao kila mstari unaitwa na uliotangulia. Ukipotea mmoja, yote iliyobaki imepotea nao. Mwanasaikolojia Roger Chaffin alimfuatilia kwa muda mrefu mpiga piano Gabriela Imreh alipokuwa akijifunza kipande cha Bach, akaona kwamba kichwani mwake kulikuwa na vituo vilivyopangwa ambavyo angeweza kuanzia. Fanya hivyo. Chagua vituo sita au saba katika wimbo: mwanzo wa kila ubeti, mahali ufunguo unapobadilika, mwanzo wa kiitikio. Andika namba kwenye vikaratasi, chomoa kimoja bila kuangalia, na uanzie hapo. Ukiweza kuanzia kituo chochote, kupotea katikati kutakugharimu mstari mmoja, si wimbo mzima.

Mwimbaji wa taarab ana jambo lake la ziada, na mwimbaji wa kwaya zetu siku hizi pia: watu huja mbele kutunza. Unaimba, mama mmoja anakuja akicheza taratibu, noti mkononi, anakutazama machoni, anakubandika pesa au kukutia mkononi, na nyuma yake wamepanga mstari wengine wanne. Ni heshima kubwa. Ni sehemu vilevile ambapo maneno hupotea kirahisi, kwa sababu adabu inakutaka umwitikie kila mmoja. Basi lifanyieni mazoezi. Wenzako wapite mbele yako mmoja mmoja ukiwa unaimba, wakutie karatasi mkononi, wakutabasamie, wakuguse bega. Amueni mapema nani atazipokea pesa, na wewe ujifunze kuinamisha kichwa kushukuru bila kuuacha ubeti.

Siku yenyewe

Kula mapema na kwa kiasi. Kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu viache hadi umalize, maana kafeini inauongeza mtetemo ambao tayari unao. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Kubugia chupa nzima dakika ya mwisho kutakujaza kibofu tu. Fika mapema, upande jukwaani likiwa tupu, utembee juu yake, uone taa zinakupigaje machoni. Zungumza na fundi mitambo kwa upole na umwambie unachohitaji kukisikia kwenye spika yako. Asiyejisikia huimba kwa kukaza koo, na tumeona koo tayari limekazwa.

Vidole baridi vinapashwa kwa maji ya uvuguvugu, kwa glavu au kwa kukumbatia kikombe cha moto. Kunja na kukunjua mikono, zungusha mabega, achia taya lining'inie. Kisha pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo litoke nje. Toa polepole ukihesabu hadi sita. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika, na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta huisaidia neva ya vagasi kupunguza mbio za moyo. Fanya dakika tatu hadi tano. Usivute pumzi kubwakubwa za harakaharaka kama wanavyoshauri baadhi ya watu: hizo hutoa hewa ya kaboni nyingi mno mwilini, ukapata kizunguzungu na ganzi za vidole, mambo ambayo mwenye hofu huyachukua kuwa ni dalili za maafa.

Na maneno unayojiambia? “Usiogope” halifai. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba watu walioambiwa wasimfikirie dubu mweupe walishindwa kumwondoa akilini. “Tulia” nalo linaomba mengi, kwa kuwa mwili uliokwisha kuchemka hautulii kwa amri. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu walitakiwa kuimba mbele ya mtu wasiyemjua huku mchezo wa karaoke ukiwapa alama. Waliotamka kwanza kwamba wana hamu kubwa waliimba vizuri kuliko waliotamka kwamba wana wasiwasi. Moyo unaokwenda mbio kwa hamu na unaokwenda mbio kwa hofu hudunda karibu sawa. Kwa hiyo sema kwa sauti, “Nina hamu na wimbo huu,” na ukitaje unachokipenda ndani yake.

Ukishapanda

Usikimbilie kuanza. Tua miguu yote miwili, toa pumzi hadi iishe, acha inayofuata iingie yenyewe. Watazame watu, au kama macho yao yanakulemea, tazama ukuta wa nyuma juu kidogo ya vichwa vyao. Kwa walio mbali haitajulikana. Halafu ipe akili kazi ya kimuziki: sikiliza besi, fuata maana ya shairi, mwimbie mtu mmoja kule nyuma habari iliyomo ndani yake. Akili yenye kazi haipati nafasi ya kukupeleleza.

Ukikosea, uso wako usitangaze. Maneno yakipotea, rudia ubeti uliopita, au ghuna mlio mpaka kiitikio kifike wenzako wakubebe. Kubalianeni mapema ishara moja, tuseme kugusa kifua, yenye maana ya “rudini kwenye kiitikio”. Kikundi chenye ishara kama hiyo huimba kwa raha hata siku isipotumika.

Nawasihi mkaitafute video ya Maria João Pires, mpiga piano Mreno, iliyorekodiwa Amsterdam miaka ya 1990 mwishoni. Okestra chini ya Riccardo Chailly inaanza konseto ya Mozart ya D ndogo, na Pires anashtuka: yeye alijiandaa kwa konseto nyingine. Ameshika uso, anamweleza Chailly huku vyombo vinaendelea. Chailly anamtia moyo, anamkumbusha kwamba aliipiga msimu uliopita. Utangulizi wa okestra unakaribia kwisha, naye anainua mikono na kupiga, kwa kumbukumbu. Tazama uso wake katika sekunde chache za kabla: hofu ipo, imejaa, haijaondoka. Kilichomwokoa ni kwamba kazi ilikuwa imekwisha kufanyika kabla ya siku hiyo.

Vidonge na pombe

Dawa inayoitwa propranololi, iliyotokana na kazi ya Mskoti James Black ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, huizuia adrenalini isiusukume moyo na isiitetemeshe misuli. Ilikusudiwa wagonjwa wa moyo. Katika uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 kwa zaidi ya wanamuziki 2,000 wa okestra za Marekani, asilimia 27 walisema wanatumia dawa za aina hiyo, baadhi yao bila daktari kuhusika. Ni kweli inazuia mtetemo. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua hadi kuhatarisha maisha yake, na kwa mwenye kisukari inaweza kuzificha dalili za sukari kushuka. Usipokee kidonge cha rafiki nyuma ya jukwaa, hata kama yeye kilimfaa. Kama unaona unakihitaji, mwone daktari, na ukijaribu kwanza siku isiyo ya kutumbuiza.

Pombe ni rahisi kuisemea. Inalegeza woga, na inalegeza vidole na masikio pamoja nao. Unajiona umepiga vizuri kwa sababu anayehukumu naye amelewa.

Baada ya kushuka

Usiku huo usijihukumu. Anayekupongeza mwambie asante, uishie hapo. Ukianza kumhesabia makosa yako unamfundisha kuyasikia. Kesho yake, ukiwa umelala vya kutosha, sikiliza rekodi na uandike kilichokwenda sawa kabla ya kilichoharibika, kisha uchague jambo moja la kufanyia kazi.

Walimu wa kwaya, viongozi wa bendi, na ninyi mnaowaandaa watoto kwa mashindano kama Tamasha la Muziki la Kenya, nawaomba kwa dhati: msikaripie mtu katika saa ya mwisho. Mtoto aliyeambiwa mlangoni “ole wako ukosee” anaingia akilisikiliza kosa badala ya wimbo. Marekebisho yote yamalizike siku moja kabla.

Kama hofu imefika mahali pa kukunyima usingizi kwa wiki nyingi, kukutapisha, au kukufanya ukatae kila mwaliko, tafuta mtaalamu wa saikolojia. Yapo matibabu ya mazungumzo yanayosaidia sana hofu za namna hii. Kukataa ndiko ninakokuhofia zaidi kwa niaba yako. Kila unapokataa unapata nafuu ya papo hapo, na ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, hivyo mwaliko ujao unakuwa mzito zaidi. Kwa hiyo onyesho likienda vibaya, usingoje miezi. Ndani ya wiki mbili tafuta nafasi ndogo: wimbo mmoja kwenye ibada ya katikati ya wiki, maulidi ya mtaani, sherehe ya kuzaliwa ya binamu. Chagua wimbo unaoujua, mwambie mwenzako mmoja akusindikize, na uende.